Mti Usiofika Kiunoni

Siku chache baada ya arobaini ya baba, mwaka 1996, shangazi alipanda kilima kuja kwetu na kikapu cha maharage kichwani. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akamkabidhi mama kikapu, akaomba maji. Kisha akatoka nje akasimama ukingoni mwa shamba la matuta, mikono kiunoni, akatazama chini kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne na nilijua anachokitazama. Kwenye kingo za matuta manne baba alikuwa amepanda miti ya malisho, mstari kwa mstari, na mistari hiyo ilionekana hata kutoka ng'ambo ya bonde.

"Wifi," alisema, "hii miti ni ya nani?"

Mama alijibu kwamba ni ya mbuzi.

Lilikuwa jibu la kuchekesha, lakini hakuna aliyecheka. Asiyeijua Uluguru huenda asione kwa nini. Kwetu ukoo hufuata upande wa mama, na ardhi hufuata ukoo. Mtoto si wa ukoo wa baba yake. Shamba ambalo baba analima alilipata kwa mama yake, na akifa shamba hurudi kwa ndugu zake wa tumbo moja na watoto wa dada zake. Sisi watoto wake tunaweza kuendelea kulima kwa hisani, au kwa kutoa ngoto, ile kodi ya heshima inayoonyesha kwamba unakiri shamba si lako. Mahindi, maharage, kabichi, vyote ruhusa, maana vitavunwa na msimu utakwisha. Mti ni jambo jingine. Anayepanda mti amesema neno kuhusu ardhi, na neno hilo hubaki limesimama hapo akiwa ameshaondoka. Kwa hiyo shangazi alipouliza miti ni ya nani, hakuwa anauliza habari za mbuzi hata kidogo.

Lakini bila mbuzi miti hiyo isingekuwepo, na ili kueleza mbuzi wale walivyofika Mgeta inabidi nirudi nyuma na kuzunguka kidogo.

Mwaka 1983 kundi la mbuzi wa maziwa kutoka Norwe liliwasili Morogoro, katika shamba la Magadu la chuo kikuu ambacho mwaka uliofuata kilipewa jina la Sokoine. Walikuwa wa rangi mchanganyiko, weupe, wa kijivu, wenye mabaka, na manyoya marefu yasiyo na maana yoyote kwenye joto la Morogoro. Miaka michache baadaye watafiti waliangalia mlima uliokuwa ukiwatazama kila asubuhi na kuona jambo lililo wazi: kule juu kuna baridi. Kuanzia 1988 mbuzi wa damu ile walianza kupelekwa Mgeta, kwenye miteremko ambako watu hulima kabichi, karoti na njegere za kupeleka Dar es Salaam. Mpango ulikuwa ule ambao baadaye ulikuja kujulikana sehemu nyingi za nchi: unapewa jike, ukishazaa unarudisha mtoto jike kwa jirani anayefuata kwenye orodha.

Wazee walikuwa na utani wao. Kizazi chao kilikuwa kimetumia miaka mingi kikiimba mikutanoni dhidi ya mabeberu, na sasa beberu halisi, mwenye ndevu na pembe, amekuja kutoka Ulaya kwa ndege na kupokelewa na viongozi. Baba alipenda kuusimulia utani huo kila alipokamua.

Alikuwa na sababu ya kufurahi. Mbuzi wetu wa asili hutoa maziwa ya kumtosha mtoto wake, na pengine hata hayo kwa shida. Jike wetu chotara, aliyefika 1990, alitupa kama lita moja na nusu kwa siku alipokuwa vizuri. Ila ilikuwa lazima awe vizuri, na hilo ndilo ambalo hatukulijua mwanzoni. Mbuzi wa kienyeji humfungulia asubuhi, akajitafutia, jioni akarudi. Huyu aliishi kwenye banda la miguu mirefu lenye sakafu ya fito, na kila alichokula kilibebwa na mtu. Mtu huyo kwa kawaida alikuwa mama, na alipochoka alikuwa mimi. Alikula majani ya migomba, matembele, majani ya nje ya kabichi, mabingobingo. Lakini mbuzi si ng'ombe mdogo. Ng'ombe hula kwa ulimi, huzoa. Mbuzi huchagua kwa midomo, jani moja moja, na macho yake yako juu kwenye matawi. Ukimpa nyasi tupu atakula kiasi cha kuishi, maziwa utayasikia kwa majirani. Mwenye fedha angenunua mashudu na pumba mjini. Sisi tulihitaji mashudu yanayoota shambani, na jawabu la wakati ule lilikuwa mti ambao jamaa wa kilimo waliuita mti wa maajabu.

Kabla sijafika kwenye maajabu, niseme neno juu ya mbuzi mwenyewe, kwa sababu kuna kitu cha ajabu katika kumkuta anapandiwa miti. Kwa muda mrefu wa karne ya ishirini alikuwa mshitakiwa. Tangu miaka ya 1930 wataalamu wa kikoloni, wakiwa na hofu ya mmomonyoko, walimwandika kwenye taarifa zao kama adui wa udongo. Uhuru haukumwondolea kesi. Kondoa, ambako makorongo yalikuwa yamekatika mpaka yanatisha, serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote ikaamriwa kutoka katika eneo lililoathirika: ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda. Watu wakabaki, mifugo ikaenda. Nyasi zilirudi, hilo ni kweli, na makorongo mengi yakaanza kujifunika. Ni kweli pia kwamba kuna watoto waliokua huko bila maziwa. Mifugo ilipoanza kurudishwa kwa majaribio mwaka 1989, ilirudi kwa sharti moja: iwe ya ndani, iletewe chakula.

Tulifundishwa kwamba kufuga ndani ni ufundi mpya. Nilipokuja kusoma zaidi nilicheka. Wachagga wa Kilimanjaro walikuwa wakifunga mbuzi na ng'ombe ndani ya nyumba zao, wakiwabebea majani ya migomba na nyasi kutoka tambarare, na kurudisha samadi kwenye kihamba, karne ya kumi na tisa wakati wageni wa kwanza wa Kizungu walipofika na kuandika habari zao. Wanawake wa Kilimanjaro walijua uzito wa mzigo wa nyasi muda mrefu kabla ya semina.

Basi, maajabu. Mti wenyewe kwetu unaitwa lusina. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Wahispania waliuvusha Bahari ya Pasifiki hadi Ufilipino enzi za merikebu zao za Manila, na kutoka huko ukaenea Asia na visiwa vyote vya joto. Kila mahali ulipewa jina jipya. Hawaii waliuita koa wa wageni, kana kwamba wanamkumbusha kila siku kwamba hakualikwa. Mwaka 1977 taasisi ya sayansi ya Marekani ilitoa kitabu kizima cha kuusifu, na baada ya hapo mbegu zake zilisafiri na karibu kila mradi wa kilimo mseto katika nchi za joto. Sifa zilikuwa za kweli: unakua haraka, ukikatwa unachipua, mizizi yake huuongezea udongo naitrojeni, na majani yake yana protini ambayo nyasi haiwezi kuota ndotoni.

Yalikuwa na jambo jingine pia. Katika msimu wa kwanza mama aliona manyoya ya mbuzi wetu yanatoka mkiani na mgongoni, yanabaki mkononi kama pamba. Bwana mifugo alipokuja alimuuliza anamlisha nini. Lusina, mama alisema, kwa fahari, kapu zima asubuhi na kapu zima jioni. Akaambiwa apunguze, theluthi moja isizidi, kilichobaki kiwe nyasi na majani mengine. Manyoya yakarudi. Hatukuambiwa sababu, na pengine mwenyewe hakuwa nayo kichwani siku ile.

Sababu niliikuta miaka mingi baadaye, na bado ni mojawapo ya hadithi ninazozipenda kuliko zote katika historia ya mifugo. Majani ya lusina yana sumu inayoitwa mimosini. Tumboni inageuka kuwa kitu kingine kinachovimbisha tezi ya shingo na kumdhoofisha mnyama. Wafugaji wa Australia walijaribu lusina na ng'ombe wao wakaugua. Mtafiti wa malisho wa huko, Raymond Jones, wa shirika la CSIRO mjini Townsville, akashangaa jambo moja: Hawaii mbuzi wanakula lusina bila kuchanganyiwa kitu, na hawana neno. Mti ni ule ule. Mbuzi ni wale wale. Tofauti lazima iwe tumboni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 yeye na wenzake walichukua maji ya tumbo la kwanza, lile la kucheulia, kutoka kwa mbuzi wa Hawaii, na kabla yao kutoka kwa mbuzi wa Indonesia, wakawamiminia mbuzi wa Australia. Hao wakaanza kula lusina na kubaki wazima. Ndani ya maji yale kulikuwa na bakteria anayeila ile sumu. Alipewa jina rasmi mwaka 1992: Synergistes jonesii, kwa heshima ya Jones. Hakuna aliyetengeneza dawa. Dawa ilikuwa matumboni mwa mbuzi wa watu wengine tangu zamani, ikisubiri mtu aulize kwa nini hawaugui.

Ningependa hadithi iishie hapo. Mwaka ule ule wa 1992 mdudu alifika mwambao wa Kenya na Tanzania. Ni mdogo kuliko punje ya mtama, rangi ya kijani iliyochoka, anaruka ukimgusa. Naye asili yake ni Amerika ya Kati na visiwa vya Karibi, nyumbani kwa lusina wenyewe, ambako waliishi pamoja kwa kuheshimiana. Mwaka 1984 alikuwa ameshafika Hawaii, kisha akakimbia Pasifiki na Asia kisiwa baada ya kisiwa, akifuata njia ambayo binadamu alikuwa amemtandikia kwa kupanda chakula chake kila mahali. Ilimchukua chini ya miaka kumi kufika kwetu. Mti wa maajabu ulipandwa mmoja kwa dunia nzima, sehemu kubwa ukiwa wa aina moja tu iliyokaribiana damu, na mdudu aliyeuweza mmoja aliiweza mingine yote.

Shambani kwetu alionekana msimu wa mvua uliofuata. Machipukizi mapya yalikunjamana, yakapata ute unaonata, kisha ukungu mweusi. Baba aliyakata yote akidhani mti utachipua upya na kupona. Ulichipua, na mdudu akashukuru kwa machipukizi laini. Mwaka 1994 mistari yetu ilikuwa vijiti. Katikati ya miaka ile ya 1990 nyigu wadogo wanaotaga ndani ya mdudu huyo waliletwa na kuachiliwa Kenya na Tanzania, na lusina ikapata nafuu kiasi sehemu nyingi, lakini baba hakusubiri nyigu. Aling'oa.

Alipanda kaliandra. Huu nao ni mgeni kutoka Amerika ya Kati. Mbegu zake zilitoka Guatemala kwenda Java mwaka 1936, ukatafutwa kivuli cha kahawa. Watu wa Java wakaupenda zaidi kwa kuni, na kuanzia miaka ya 1970 shirika la misitu la huko likaupanda kwa wingi pembezoni mwa vijiji ili wanavijiji waache kuvamia msitu. Kwetu Afrika Mashariki ulipata jina lake Embu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, ambako tangu mwanzo wa miaka ya 1990 watafiti wa Kenya na wenzao wa ICRAF waliufanyia majaribio mashambani mwa wafugaji wenyewe. Walipata hesabu ambayo mfugaji anaweza kuibeba kichwani: kwa ng'ombe wa maziwa, kilo tatu za majani mabichi ya kaliandra hufanya kazi ya kilo moja ya chakula cha dukani, na miti 500 humtosha ng'ombe mmoja kwa mwaka. Haihitaji shamba jipya. Inakaa mpakani, ukingoni mwa tuta, kando ya njia. Kufikia 2005 zaidi ya wafugaji 200,000 wa Afrika Mashariki walikuwa na miti ya malisho ya aina hii.

Hesabu hiyo haikutufikia kwa namba. Ilitufikia kwa mama. Alijifunza kwamba kaliandra isikaushwe. Majani yake yana ule ukakasi unaoshika ulimi kama ndizi mbichi, na yakinyauka huwa mazito zaidi kusagika tumboni, kwa hiyo alikata asubuhi na kulisha asubuhi hiyo hiyo. Alijifunza kufunga fungu na kulining'iniza juu, maana mbuzi akishakanyaga jani halili tena, hata awe na njaa ya kufa. Alijifunza kukata mti ukiwa na urefu wa mita moja hivi, aache shina, unachipua kwa pembeni na kuwa kichaka kizito. Ukiuacha urefuke, majani yanakimbilia juu na wewe unabaki na fimbo.

Turudi kwa shangazi, amesimama muda mrefu.

Kulikuwa na kitu kingine kwenye macho yake siku ile, na nimekielewa ukubwani. Yale matuta yenyewe yalikuwa na historia. Tangu karibu mwaka 1950 serikali ya Mwingereza iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi mlima mzima, kuokoa udongo na maji ya mito inayoshuka mjini. Mgeta, walikolima mboga za kuuza, matuta yalipokewa afadhali. Upande wa mashariki watu waliyakataa, kwa sababu kuchimba kulifukua udongo mbaya na kulikula siku zao za kazi, na kwa sababu wengi waliamini kwamba mtu anayekupimia shamba anajiandaa kulichukua. Julai 1955 vurugu zilizuka Matombo, polisi wakafyatua risasi na mtu akafa. Mpango ukafifia muda mfupi baadaye. Shangazi alikuwa msichana mkubwa wakati huo. Alikulia katika kilima ambacho mtu akija na mstari ulionyooka, unamwangalia mara mbili. Na hapa kaka yake ameacha mistari minne.

"Mbuzi hana ukoo," alimjibu mama. "Hawa watoto wana ukoo, na si huu."

Mama hakubishana. Aliingia ndani akatoka na panga, nami nikaogopa, kwa sababu nilifikiri ataikata yote kwa hasira. Alishuka kwenye tuta la kwanza, akamwita wifi yake ashuke naye. Akaukata mti mmoja mahali anapokata siku zote, akasimama kando yake. Shina lilimfika chini ya kiuno.

"Wifi, wewe umezaliwa hapa," alisema. "Mti mrefu hivi ni mti?"

Shangazi aliangalia. Alizunguka. Aliuliza kama unatoa maua. Mama akasema ukikatwa hivi hautoi. Ukitoa maua, basi nimeuacha, na nikiuacha ni wako.

Hawakuandika mahali. Ngoto ikawa debe la maharage kila mavuno, na maziwa chupa moja kila Jumapili jike akiwa na mtoto. Mtu akitaka kuujua mkataba angetazama tu kutoka ng'ambo ya bonde: kama mistari iko chini ya kiuno cha mwanamke, wajane hawajadai shamba. Nimesoma miongozo kadhaa ya kilimo mseto. Wanaeleza urefu wa kukatia kwa sababu za machipukizi na wingi wa protini, na wako sahihi. Hawasemi kwamba kuna vilima ambako sentimita hizo ni sheria ya ardhi.

Kwa hiyo tulikata. Nilikata kabla ya shule na baada ya shule. Nilipokwenda sekondari ya bweni mdogo wangu alichukua panga. Likizo moja ya Desemba nilirudi nikakuta mama ana homa ya wiki mbili, na mistari ya juu imefika kifuani. Hakuniuliza matokeo ya mtihani. Aliniambia, "Nenda ukakate, kabla hajapita." Nilikata usiku, kwa mbalamwezi, nikiwa na viatu vya shule.

Maziwa yale yalilipa karo. Si yote, na wala sitaki kuyafanya makubwa kuliko yalivyokuwa. Watu wa Mgeta wengi walikuwa wakiona aibu kunywa maziwa ya mbuzi na wateja wetu walikuja jioni, kimya kimya, chupa ndani ya khanga. Lakini kwa mjane asiye na shamba, mbuzi wawili na mistari minne ya kichaka ilikuwa mali pekee ambayo hakuna mjomba wala mpwa aliyeigawa.

Mwaka 2015 miguu ilimkataza mama kupanda kilima, tukamchukua kuja Morogoro mjini. Mbuzi wa mwisho tulimpa mtoto wa shangazi, jike mwenye mimba, na kwa mazoea ya zamani mama alimwambia akizaa jike ampe jirani. Shangazi alikuwa ameshafariki wakati huo.

Nilipanda kwenda kule mwaka juzi. Banda halipo, zimebaki nguzo mbili. Kaliandra imefika mara mbili ya urefu wangu, mistari yote minne, na ilikuwa na maua: nyuzi nyekundu ndefu kama brashi, nyuki wakipita ndani yake. Binti mmoja, mjukuu wa shangazi, alikuwa akikata matawi na kufunga mizigo ya kuni, shilingi elfu mbili mzigo. Hakunifahamu. Niliponunua mzigo mmoja, nisiokuwa na namna ya kuubeba, aliniuliza mimi ni wa nani. Nikamtajia jina la mama. Alifikiri kidogo, akasema, "Aah, yule wa miti mifupi," akaniongezea tawi moja.